Nilikwenda Morisi Kutafuta Uzio

Mimi ni mfanyabiashara wa soko la Keumbu, nauza mabati na misumari, na safari yangu ndefu kwa miaka mingi ilikuwa ya Kisumu kuchukua mali. Mtu akiniuliza nilifikaje kisiwa cha Morisi, namwambia ukweli: nilipelekwa na chai ya mama.

Miaka ya sabini alikuja kwetu Gesima Mzungu mmoja aliyetaka kujenga kiwanda cha kukamua pasheni, juisi iuzwe ng'ambo. Tulifurahi kweli, maana pasheni zilikuwa zikituozea mikononi. Lakini alitaka mgongo mzima wa kilima hadi mtoni, uzungushiwe uzio, uwe eneo maalumu lisilotozwa ushuru. "Nchi nyingine zote zinafanya hivyo," alisema. Kwenye mgongo huo ndiko mama alikopanda chai baada ya baba kufariki, na ndiyo iliyotusomesha.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," jirani yetu Ombati alimkumbusha mama.

"Apone," mama akajibu. "Haikusemwa ahame."

Bahati ikawa kanisa letu la Wasabato lilikuwa linanituma Morisi kwenye mkutano wa washiriki. Tulikuwa tumesikia redioni kwamba kisiwa hicho kina eneo la namna hiyo. Majirani wakakubaliana wangoje nirudi na habari. Mama alinifungia ndizi za kuchoma na kuniambia, "Ukikuta anasema kweli, niambie kweli. Nitaing'oa mwenyewe."

Asubuhi ya safari, pale Kebirigo, soko la jirani, mvua ilikuwa imeharibu barabara, na lori lililonibeba lilisukumwa zaidi ya lilivyoendeshwa. Nilifika Nairobi na tope hadi magotini. Ndani ya ndege nilijifunga mkanda na sikuufungua hata nilipoletewa chakula. Jamani, chekeni mkitaka.

Morisi ni miwa. Miwa kushoto, miwa kulia, na katikati ya mashamba malundo ya mawe meusi waliyoyakusanya ili walime. Nilipoyaona niliwapenda watu wale papo hapo. Nilifikia kwa Ndugu Daniel, mwalimu, na mkewe Marie, mfumaji wa sweta kiwandani. Tulizungumza Kiingereza, kila mtu na lafudhi yake, tukasikilizana.

Jumatatu, mkutano ukiwa umekwisha, nilimwomba Marie anipeleke nikaone eneo maalumu na uzio wake.

"Uzio gani, kaka?"

Alinishika mkono hadi kwenye jengo la kawaida kati ya duka la mikate na nyumba za watu. Ndani, mashine zilinguruma. "Ndilo hili," akasema. Sikuamini. Nikazunguka nyuma kutafuta uzio, nikakuta kamba ya nguo na bibi mmoja anayenikodolea macho. Marie alicheka hadi akakaa chini.

Bosi wake, mtu wa Hong Kong, alinieleza bila haraka. Hapa, alisema, eneo limo ndani ya sheria. Kiwanda kikipewa cheti, kinapata msamaha wa kodi popote kilipo, hata katikati ya miwa. Taiwan kuna uzio karibu na bandari, na Ayalandi karibu na uwanja wa ndege, lakini ni wa watu wa forodha kulinda mali isiyotozwa ushuru.

"Wewe ulifuata nini huku?" nikamuuliza.

"Uzi uingie bila ushuru, kodi ipunguzwe, bandari iwe karibu, na wafanyakazi wenye mikono mizuri. Shamba ningelifanyia nini?"

Jioni, Marie aliongeza lake huku akimenya viazi. Mshahara umewainua, hilo hakulificha. "Lakini mashine zilikuja kwa meli," alisema, "na meli za kuziondoa hazijaisha." Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani.

Gesima, siku ya baraza, tulikutana uwanjani mbele ya kanisa. Mama, aliyekataa kusikia habari zangu kabla ya wengine, alikaa nyuma kabisa. Mzungu akarudia yale yale, kwamba nchi nyingine zote zinatoa ardhi hivyo. Nikasimama. "Huko kwingine nimefika," nikasema, na nikaeleza yote. Mwisho nikamwambia: msamaha wa kodi uombe serikalini, sisi tutakukodisha kiwanja kando ya soko la Kebirigo, barabarani. Mgeni ana miguu, shamba halina.

Akawa mwekundu kama nyanya. Kisha akauliza, "Hapo Kebirigo, maji yapo?"

Ombati ndiye aliyejibu, tena kwa kupiga kelele, kwamba maji yapo tele. Moyo wangu ukatulia. Nilikuwa nimejifunza kwamba anayekuja na mtaji huomba kingi, na mwenyeji asiyejua mgeni anahitaji nini hasa hutoa hata kitanda chake.

Watu walipotawanyika nilimfuata mama, nikaona amekalia jembe.

"Mama, jembe la nini barazani?"

"Si nilikwambia nitaing'oa mwenyewe? Ulidhani natania?" Akainuka, akanipa nilibebe, tukarudi nyumbani kupitia katikati ya chai yake.