Shifoni ya Magauni ya Pekupeku

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikienda Guangzhou kununua vitambaa vya mitandio. Siku moja pale Zhongda, kwenye vichochoro vya maduka ya vitambaa, nilipata jora la shifoni ya hariri, kitambaa chepesi kabisa, rangi ya tui la nazi. Tulishapatana na bosi wa duka, nikawa nangoja anifungie, ndipo akaingia mama mmoja wa Kichina, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Akashika ncha ya kile kitambaa, akairusha juu, akaitazama inavyoshuka. Akarusha tena. Kisha akauliza kama lipo jora jingine.

"Meiyou," bosi akamjibu. Hakuna.

Mama yule akanigeukia. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu. "Binti, unakwenda kukifanyia nini?"

"Mitandio, mama. Ya kujifunika kichwa."

"Mimi nataka kushona magauni ya kuchezea dansi."

Alikuwa mwalimu wa dansi. Wanafunzi wake walijiandaa kuonyesha dansi ya wale wanawake wa Ulaya na Amerika ambao, yapata karne moja nyuma, walitupa viatu na nguo za kubana kiuno, wakapanda jukwaani pekupeku wamevaa magauni mepesi kama ya sanamu za Wagiriki wa kale: fundo begani, kamba chini ya kifua, basi. Mwalimu aliyemfundisha yeye alikuwa nalo moja. Wakati wa misukosuko ya siasa ya China, miaka ya sitini, vazi kama lile lilipokuwa hatari kukutwa nalo, alilifumua, akalishonea ndani ya mfarishi. Akajifunika nalo miaka yote ile. Lilipotolewa lilikuwa limechakaa, halivaliki.

"Vitambaa vya siku hizi vinaanguka kama gunia," aliniambia. "Hiki kinachelewa kufika chini."

Nikamwachia, kwa sharti kwamba anialike. Alicheka, akanishika mkono.

Onyesho lilikuwa katika ukumbi wa shule. Mimi nimekulia Unguja. Kwetu nguo huulizwa kwanza inasitiri nini, kwa hiyo nilikaa nikijiandaa kuona haya. Wasichana wakatoka, nyayo zao zikigusa mbao bila kishindo. Mmoja aligeuka, akasimama, na gauni likaendelea kugeuka peke yake, kama lina neno ambalo halijalimaliza. Ile haya ikanitoka. Nikafikiri: kumbe walioliogopa vazi hili hawakuogopa magoti yaliyo wazi. Waliogopa mwanamke anayevuta pumzi mpaka mwisho, na watu wote wakimwona.

Mama yule, kando yangu, hakutazama nyuso za wanafunzi wake hata kidogo. Alitazama pindo. Makofi yalipoanza alijifuta macho, akavua viatu, akanikabidhi mkoba wake, akapanda jukwaani na suruali yake ya kila siku, akawainamia watazamaji pamoja nao.