Visu Vyeusi vya Njoro

Siku yangu ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakuniuliza cheti. Alinipa kisu cha kukunja, akaniambia nikifungue na kukifunga huku nikisikiliza.

"Umesikia nini, Mama Aneti?"

"Tak."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako hapa," akasema, akarudi kwenye fuawe, lile pande la chuma wanalofulia wahunzi.

Hiyo ilikuwa Njoro, Moshi, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, katika karakana ya ushirika wa mafundi. Nilikuwa nimeolewa Kibosho, na watu walicheka kusikia mwanamke anatengeneza visu. Niliwaacha wacheke. Kazi yangu ilikuwa kuunga: kuweka ubapa, yaani sehemu ya kukatia, kati ya vipande viwili vya mti wa mbuni mkuukuu, kisha kupiga ribiti, kile kimsumari cha chuma kinachovishika pamoja. Ukiikaza mno kisu hakifunguki, na ukiilegeza kinacheza, wala hakitoi ile tak. Kisu kinachocheza humkata mwenyewe kabla hakijakata ndizi.

Ubapa tuliutoa kwenye springi za malori mabovu. Fundi Mkuu, mtu wa Kirua Vunjo, aliupasha moto mpaka ukawa mwekundu, akauchovya kwenye oili chafu ukawa mgumu, kisha akaupasha tena kwa moto mdogo ili usivunjike ovyo. Ulitoka mweusi, nasi tuliuuza mweusi vilevile, makali tu ndiyo yaliyong'aa. Kilikuwa kisu cha bei ya chini, na mkulima yeyote alikinunua siku ya gulio. Mwanaume wa mlimani hakwenda kwenye nyama bila kisu chake mfukoni. Kuomba cha mwenzako mbuzi akishachinjwa ilikuwa aibu, ungetaniwa mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi, iishe.

Serikali ilipolegeza masharti ya biashara, visu vya nje vikajaa sokoni, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Vyetu vikabaki mezani. Meneja, mtu mpole ambaye naye alianza kazi kwenye mvukuto, akipuliza moto, alituambia wazi kwamba hali ikiendelea hivyo karakana itafungwa. Niliogopa. Mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha Aneti.

Fundi Mkuu alichukia kushindwa. "Wanataka kung'aa? Tutang'aa," akasema.

Akatufundisha kusugua ubapa kwenye grenda, jiwe linalozungushwa na umeme. Unagusa, unachovya kwenye maji, unagusa tena, kwa sababu joto la grenda hulegeza chuma kilichokwisha kukazwa. Yeye alivumilia kufanya hivyo. Lakini Krismasi ilikuwa inakaribia, Wachagga wanarudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, oda zikamiminika, na sisi wengine tukawa hatuchovyi. Rangi ya bluu iliyotokea kwenye ubapa tuliiona pambo.

Krismasi hiyo mbuzi alichinjwa kwa baba mkwe wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akigawa nyama, kila ukoo na fungu lake. Akatoa kisu chetu kipya mbele ya wageni, akaanza kukata kidari. Makali yakajikunja kama bati. Akajaribu tena, yakajikunja zaidi, kisha akanyoosha mkono kwa mdogo wake, naye akampa kisu cheusi cha zamani.

"Mama Aneti," akaniita bila kupandisha sauti, "hiki kimetoka kwenu?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Lete sahani."

Heri angenigombeza.

Baada ya sikukuu visu vilirudi kutoka kila upande wa mlima. Fundi Mkuu hakutugombeza, alisema tu kwamba wazo lilikuwa lake. Tulivifungua ribiti vyote, akaukaza kila ubapa upya, vikarudi kwa wenyewe vikiwa vyeusi. Hatukuigusa grenda tena. Baba mkwe alipokea chake, akakijaribu kwenye mgomba, akakitia mfukoni, na hapo ndipo nilipoanza kupata usingizi.

Jina letu lilirudi, lakini wateja walizidi kupungua, na baada ya miaka kadhaa karakana ikafungwa. Siku ya mwisho Meneja aliuliza tulikosea wapi.

"Safari hii hatukukosea," Fundi Mkuu akamjibu. "Ila ukimuuzia mtu kisu hiki leo, harudi kwako mpaka mwanawe aoe."

Sasa nimestaafu, na nanoa visu vya watu kibarazani kwangu. Wanaonilisha ni wenye visu vya dukani, ambavyo makali yake hayamalizi wiki. Mwenye kisu cheusi hupita barabarani, husema, "Shikamoo, mama," nami huitikia marahaba, naye huendelea na safari yake. Moyo huniuma na kufurahi papo hapo, maana kazi tuliifanya vizuri mpaka ikatufukuza.