Mashine ya Leza Imeonyesha Jiko la Mama Liko Upande Wangu

Admin, jina langu lisionekane, na kijiji usikitaje. Sema tu ni karibu na mji wa Wote. Wa kwetu watajijua.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, nina watoto wawili na nawalea mwenyewe. Nilianza na kibanda cha kuuza saruji na mabati kule Kibwezi, leo nina duka kamili na hakuna aliyenishika mkono. Baba kabla hajafariki alitugawia shamba, na mimi msichana akanipa kipande. Kaka yangu mkubwa hajalimeza hilo mpaka leo. Yeye alipewa juu, mimi chini, na mpaka ukawa ule mtaro wa kuzuia maji pamoja na tuta lake, vile tunagawana huku kwetu kwenye miteremko. Bikoni, zile alama za mpaka za wapimaji, zilizikwa kwenye pembe na hati zikatoka, lakini bikoni nani aliziangalia tena? Wote tuliangalia mtaro.

Mwaka huu nikaamua kujenga nyumba nane za kupangisha. Mchoraji wa nyumba aliponiona na futi yangu ya kupimia akacheka, akasema kwa mteremko kama huu nilete watu wa leza. Wakaja na mashine yao ya miguu mitatu, ikazunguka polepole ikichukua kila jiwe, kila ukuta, kila bonde. Mpimaji akailaza ile picha juu ya ramani ya hati. Akanigeukia.

"Mama, mtaro wenu umetembea."

Umeingia kwangu mita moja upande wa barabara, na mita nne na nusu upande wa pili. Mimi na hesabu tunaelewana, sikuhitaji kuelezwa. Kila mvua ikikaribia kaka anazibua mtaro. Udongo anaurusha juu, kwake, na jembe linakula ukingo wa chini, ambao ni wangu. Msimu baada ya msimu, kidogo kidogo, mimi niko Kibwezi nauza saruji. Na ndani ya hizo mita nne na nusu ndipo kaka alipomjengea mama jiko. Bila hicho kipande nyumba mbili za mwisho haziingii, na shimo la maji taka halina pa kukaa.

Nikampelekea kaka picha. Hata hakuitazama.

"Kwa hivyo umetoa watu Nairobi waje kumpima mama?"

"Sijampima mama. Nimepima shamba."

"Shamba gani? Huu mtaro umewahi kuuzibua hata siku moja? Ningeuacha ujae, hilo shamba lako saa hii lingekuwa limefika Mto Athi."

Mke wake akadakia, "Mwacheni tajiri apime. Kesho ataleta mashine ipime ugali wetu."

Watoto wao wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu maneno ya kaka yana ukweli ndani yake, na hilo ndilo linaninyima raha. Lakini bikoni nazo tulizifukua, ziko palepale baba alipoziona zikizikwa. Nikasema basi, nitamjengea mama jiko la mawe mahali popote anapotaka. Kaka akajibu kwamba jiko la mama halihamishwi na mtoto msichana. Akaita wazee wa ukoo, nao hawajakaa kikao mpaka leo.

 Jana asubuhi nikamkuta mama amepanda juu ya kiti, anang'oa mabati ya jiko lake mwenyewe.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Nakupisha."

"Mama, sijasema uhame!"

"Mashine yako imesema. Nitapika nje, mvua bado."

Kaka akaja mbio, akawa anayarudisha mabati. Mama akawa anayatoa tena. Mimi nimesimama katikati yao na simu mkononi, ile picha bado imefunguka.

Jumatatu watu wa leza wanarudi kupigilia vigingi vya msingi. Wakija, mama atapika juani na kijiji kizima kitajua ni mimi. Wasipokuja, kaka atauzibua mtaro tena mvua ikianza, na sitakuwa na mdomo wa kusema kitu. Tangu jana nazunguka tu dukani, wateja wanaita mara mbili ndipo nisikie.

Ninyi mlio na mashamba, na ninyi mlio na mama, nijibuni kabla ya Jumatatu: vigingi vipigwe, au niwaambie wasije?