Shibiri Moja ya Severina

Severina hajawahi kuvumilia ardhi inayokaa bure. Nyumbani kwake, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Ilongero, kunde zimepanda uzio, maboga yametambaa hadi mlango wa choo, na pale maji ya kuogea yanapomwagikia pameota mchicha. Angepewa kaburi kubwa kuliko mwili wake, sehemu inayobaki angepanda mtama.

Kwa miaka thelathini alipalilia kwa jembe la mkono, na kwa kazi hiyo hakuna aliyemfikia. Alikuwa na jembe lililolika hadi likabaki kama kiganja, na hakumwazima mtu. Jembe jipya ni la kulimia. Ukipalilia nalo unakata na mizizi ya mmea. Lililolika linapita kando ya shina bila kulidhuru. Wenzake wakifika katikati ya mstari, yeye ameshageuza. Lakini kiuno hakijali sifa za mtu. Msimu wa juzi nusu ya alizeti yake ilimezwa na magugu huku yeye amelala chali kitandani, anasikia mvua ikinyesha na anajua inamnywesha nani. Alilia siku ile, na si kwa maumivu.

Ndipo akajiunga na kikundi cha Mzee Laurenti. Kikundi kina watu saba, maksai wawili na kultiveta moja, yaani jembe la chuma lenye meno matano linalokokotwa katikati ya mistari, likichimbua magugu na kulegeza udongo. Ekari moja ambayo mkono ungeipalilia kwa siku kumi, lenyewe linaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sharti ni moja tu, mistari iachane sawa. Laurenti alikata fimbo saba za urefu mmoja, akampa kila mwanachama yake ya kupimia nafasi ya mistari wakati wa kupanda. Nira ya maksai nayo ikachongwa ndefu kwa kufuata fimbo hizo hizo, ili kila ng'ombe apite kwenye nafasi yake bila kukanyaga mmea.

Severina aliipeleka fimbo yake shambani, akailaza chini, akaitazama ile nafasi. Ekari nzima yenye vipara namna ile? Wapita njia wangesema uvivu umemwingia uzeeni. Akachukua panga, akaipunguza fimbo shibiri moja. Kipande hakukitupa, maana yeye hatupi kitu. Alikifanya komeo la banda la kuku.

Alizeti iliota vizuri, ikafika magotini. Magugu nayo hayakubaki nyuma. Mwishoni mwa Januari mvua ilinyesha siku tano mfululizo, na ilipokatika, kongwa na mbigili vilikuwa vimefunika udongo wote. Kiuno kilimuuma hata akiinama kuchochea moto. Zamu yake ya maksai ilikuwa Alhamisi. Ikimpita, angesubiri wanachama wengine wote wamalize, na kufikia hapo kusingekuwa na alizeti ya kupalilia.

Alhamisi Isaka alifika asubuhi na mapema. Ndiye anayeongoza maksai wa kikundi, baba wa watoto wawili, mpole, na shamba la kwao ni dogo kiasi kwamba bila kazi hiyo hana pa kushika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umewafunga midomo?"

"Nimewafunga."

Kweli, vikapu vya kamba vilikuwa tayari midomoni mwa ng'ombe, wasije wakala alizeti. Akawaingiza shambani.

Hawakumaliza hatua ishirini. Maksai wa kulia alitembea juu ya mstari badala ya kando yake, na kila alipoinua kwato aliacha alizeti imelala. Isaka alipomvuta pembeni, wa kushoto naye akakanyaga upande wake. Akawarudisha mwanzo, akajaribu tena, akaangusha nyingine.

Mzee Laurenti alikuwa amekuja kuangalia kazi. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, uso umemkunjika.

"Isaka, umelewa?"

"Hapana, mzee. Sijui wana nini leo."

"Jana shambani kwa Rahabu walikanyaga?"

"Hata mmea mmoja hawakugusa."

"Basi ni wewe. Fungua nira. Kuanzia kesho ataongoza Calist."

Isaka aliinama akakagua kwato za maksai moja baada ya nyingine, akitafuta mwiba ambao Severina alijua haumo. Kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa. Hasara ingeitwa ya Isaka, na Severina angepewa pole. Hata mdomo aliufungua aseme ng'ombe wamechoka, lakini aibu ikampanda hadi masikioni. Akageuka, akaelekea nyumbani bila kuaga.

Walisikia kuku wakitoka kwa kelele. Severina akarudi na fimbo mkono huu na komeo mkono ule, akaviunganisha mbele ya Laurenti. Vilikutana sawasawa pale panga lilipopita.

"Ng'ombe hawana kosa," alisema. "Wala Isaka. Nilikata mimi."

Laurenti alivichukua vile vipande. "Kwa nini, Severina?"

"Niliona ardhi inalala bure."

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakujua kwamba na fimbo yake ni fupi."

Isaka ndiye aliyecheka wa kwanza, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kazi yake.

"Sasa nifanyeje?" Severina akauliza.

"Ng'oa mstari mmoja, acha mmoja, shamba zima. Au ungoje zamu ya mwisho."

Severina alipiga magoti kwenye mstari wa pili, akashika shina la kwanza, akang'oa. Maisha yake yote mikono ile iling'oa magugu bila huruma. Sasa iling'oa alizeti nzima, nene, isiyo na ugonjwa, na kila shina lilimuuma kuliko kiuno. Alitambaa hivyo hivyo, machozi yanamtoka, asiyafute. Isaka alifunga maksai kwenye mti, akashika mstari wa nne. Laurenti alinung'unika kwa Kinyaturu, kisha akavua koti akashika wa sita.

Kufikia saa nane mchana maksai walirudi kazini, wakapita bila kugusa jani. Jioni udongo wote ulikuwa umegeuzwa.

Wakati wa mavuno vichwa vya alizeti yake vilikuwa vipana kama sinia, na wapita njia wakamsifu kwa kujua kuacha nafasi. Severina aliitikia tu, moyoni anaiwaza mistari aliyoing'oa.

Msimu huu Laurenti aligawa fimbo mpya. Severina aliipokea yake kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akamkabidhi Isaka pale pale mbele ya watu.

"Kaa nayo wewe," alisema. "Siku ya kupanda uje nayo. Ikilala kwangu hata usiku mmoja, mimi najijua."