Majani ya Soya ya Wamaza

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya moniteri wa kilimo, Wabelgiji wakingali wanatutawala, nilitumwa Wamaza kukagua soya. Viwavi walikuwa wameingia mashambani. Agronomu, bwana shamba wa kizungu aliyekuwa mkubwa wangu, alikuwa ameamuru kwamba shamba lililoliwa nusu ya majani ling'olewe, ipandwe pamba.

Shamba la kwanza lilikuwa la mjane. Nilisimama njiani, nikaona majani ya juu yametoboka kama chujio. Nilikuwa na haraka, mashamba mengine yalikuwa yakinisubiri. Nikaandika "nusu", nikatia saini, nikampa karatasi kapita, msimamizi wa kijiji. Akaenda kuita watu wenye majembe.

Mjane alikuwa akinitazama. "Moniteri, ile midudu inakula juu. Chini umeangalia?"

Niliingia kwa aibu. Nikachuma jani la juu, la kati na la chini, mche huu na ule, nikayapanga juu ya ungo wake. Ya juu yalibaki mishipa mitupu. Ya kati yalikuwa na matundu madogo. Ya chini yalikuwa mazima. Kwa jumla hata robo haikuwa imeliwa, na maua ndiyo kwanza yanafunguka.

Nilimkimbilia kapita. "Nimekosea. Nirudishie karatasi."

"Iko na saini yako," alisema. "Miye naogopa muzungu, siyo weye."

Nikapanda baiskeli. Agronomu alikuwa amefikia nyumba ya wageni ya serikali, mwendo wa saa mbili, na njia nzima nilisikia majembe kichwani.

"Asubuhi uliona nini?" aliniuliza.

"Sikuona, Bwana. Nilipita."

Aliandika amri mpya, na karatasi ya pili ya kunionya. Niliporudi, watu walikuwa wamechelewa kukusanyika, na mistari minne tu ya soya ilikuwa imelala chini. Kapita alisoma amri, akawaondoa watu wake. Mjane alikuwa akiwakusanyia mbuzi ile miche.

"Pole, Mama."

"Iliyobaki itabeba?"

"Itabeba," nilisema, na sikuwa na hakika.

Tangu hapo sikutulia. Kila juma nilipitia pale bila kutumwa, nikiinama kupapasa maganda machanga, nikitafuta viwavi chini ya majani. Mjane aliendelea kupalilia.

Soya ilibeba, maganda yakajaa. Lakini kabla mjane hajamaliza kuipura, nilikuwa nimeshahamishiwa Lusangi, sikuona alipata magunia mangapi.