Meza Iliyopimwa kwa Kiwiko cha Mzee

Mimi ni mwashi, na nina ugonjwa mmoja: siwezi kumjengea mtu jiko kabla sijajua nani atapika. Wateja huniletea picha za simu, majiko ya watu wasiowajua, yenye taa mpaka chini ya meza. Mimi nauliza kwanza mpishi yuko wapi. Akija namsimamisha wima, namwambia akunje mkono, napima kutoka chini mpaka kwenye kiwiko, kisha natoa upana wa kiganja. Meza inakaa hapo. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema mgongo wa mpishi hauna vipuri, na mpaka leo hakuna aliyenirudia akilalamika kiuno.

Katika nyumba hii mpishi hakuhitaji kutafutwa. Mtaa mzima ulimwita Mama Sufuria. Alikuwa amepika humo miaka thelathini na mmoja: kwanza kwa mama mkwe na mashemeji, halafu kwa watoto wake wanne, sasa kwa wajukuu na kwa wageni wa mumewe. Mume ni karani mstaafu wa bohari, mzee mrefu mwenye sauti ya kutangazia, ambaye sidhani kama amewahi kula peke yake. Jiko la ndani lilikuwa na dirisha moja dogo, na moshi ulikuwa umeanza kumharibu macho yule mama. Watoto wakashauriana, wakaamua kumjengea jiko la nje uani. Ilikuwa zawadi, na waliitoa kwa moyo mweupe. Naomba hilo lisisahaulike, maana nikiendelea nitawasema.

Siku ya mipango tulikaa ukumbini, mimi na daftari langu. Tulianza na meko mawili na paa la bati. Mzee akasema meko mawili ni ya bwana na bibi harusi, wekeni manne. Kijana mkubwa akataka sehemu ya kuchomea nyama, ili marafiki wake wakija wasimsumbue mama ndani. Binti akataka sinki, ili mama asibebe maji. Kisha bomba la moshi, kisha kabati la kuni, kisha tanuri la mikate, kwa sababu mama akioka mwenyewe mikate itakuwa mitamu zaidi. Binti akaongeza benchi refu la kukaa watu kumi, ili mama asipike mpweke. Mzee akamalizia na dirisha la kutoboa ukutani, ili mama akiwa huko uani, yeye aweze kumwita bila kuinuka. Kila kitu kilianza na "ili mama". Mimi niliandika tu. Wengi wape.

Mama Sufuria alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na sinia la vikombe magotini. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo; huyu alikuwapo, na lake halikuwapo. Mwishowe alijikohoza, akasema alikuwa anafikiria apumzike kupika. Kijana mkubwa akaruka kumkumbatia. "Ndiyo maana tunakujengea, mama!" Wote wakacheka kwa furaha. Naye akacheka kidogo, akaenda kuleta chai nyingine.

Nilichimba msingi siku mbili. Siku ya tatu nilikuwa nimevuta uzi wa matofali ya kwanza, yeye akapita na beseni la nguo, akasimama, akaniambia uzi umekwenda upande kidogo. Nilimwona mjuaji. Nikapima ili nimwaibishe, nikakuta umekwenda upande kwa unene wa kidole. Nikamuuliza jicho hilo kalitoa wapi. Akaweka beseni chini.

Alisomea ushonaji kabla ya kuolewa, na cheti chake alikuwa nacho bado, chini ya godoro. Rafiki aliyesoma naye alikuwa amepanga chumba karibu na soko, na cherehani mbili. Moja ilikuwa yake yeye, kuanzia mwezi ujao, kila siku asubuhi mpaka jioni. Akishindwa kufika, kiti anapewa mtu mwingine, maana rafiki naye hawezi kungoja milele. Mumewe hajui, watoto hawajui. Alikuwa amepanga kuwaambia wiki ile ile waliyokuja na habari ya zawadi. "Sasa niwaambie nini, fundi?" alisema. "Kila tofali unaloweka hapa, ni mimi unanijengea ndani."

Mwiko wangu ulikuwa mkononi, na tofali lilikuwa linangoja.

Ikafika siku ya kupima meza. Nilimwita akunje mkono. Akatazama mlango wa nyumba, akashusha sauti, akaniambia nipime kiwiko cha mumewe. Nilidhani anatania. Akanieleza polepole, jinsi mtu anavyomweleza mtoto: meza ikiwa juu mno, siku ya kwanza tu wataona haimfai, watamuuliza kwa nini. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza kwa nini juu ya jambo lolote. Wakimuuliza, atasema.

Ningekataa. Ni kinyume na kila nilichofundishwa, na jina langu ndilo linalonilisha. Lakini nilimkumbuka kwenye kile kiti cha pembeni, hasira ikanishika, nikamwita mzee. Alikuja mbio, akadhani napima upande wa nyama choma. Akasimama kama askari wa gwaride, akakunja mkono. Kiwiko chake kilikuwa sentimita mia na kumi na sita. Cha mkewe, kwa jicho langu, hakikufika mia. Nikafunga mbao, nikapanga nondo, nikamwaga. Maji yakimwagika hayazoleki, na zege ndiyo kabisa.

Wiki nzima niliimwagilia ile meza maji asubuhi na jioni, roho iko juu. Yeye alionekana mwepesi. Siku moja nilimsikia akiimba jikoni.

Tulifungua mbao Jumapili, watoto wote wakiwapo. Walimvika aproni mpya, wakampa kisu na kitunguu, simu zikainuliwa. Mama Sufuria akasogea mezani. Ilimfika karibu na kifua. Alijaribu kukata, mabega yakapanda mpaka masikioni, akaweka kisu chini. Kijana mkubwa akanigeukia mimi.

"Fundi, ulipima nini hapa?"

"Nilimwambia mimi," akasema mama yake. Akaifungua ile aproni. "Nilitaka mniulize. Mimi sitaki jiko. Mwezi ujao naenda kushona, sokoni, kuna cherehani inaningoja. Nimepika, wanangu. Nimechoka kupika."

Alisema yote, na hakulia. Nilisikia fahari kama vile ni mama yangu mzazi. Mzee alikaa kwenye lile benchi la watu kumi, kinywa wazi. Binti ndiye aliyelia. Alimshika mama yake mikono, akaomba msamaha kwa niaba ya wote, akasema wamekuwa vipofu, miaka yote mama ana ndoto na hawajui. Mzee naye akaitikia, macho yamemjaa machozi, akauliza mbona hukusema, mama watoto, mbona hukusema. Nilianza kufunga vifaa vyangu nikiamini tumeshinda.

Halafu binti akapangusa machozi, akautazama ukuta wa upande wa kabati la kuni. "Mama, sokoni uende kufanya nini, kwenye vumbi? Cherehani tutakununulia sisi. Tutaiweka hapa hapa. Maharage yakichemka, wewe unashona."

Wakapiga makofi. Kijana mkubwa alikuwa tayari anatafuta picha za cherehani kwenye simu. Mzee alisimama, akatangaza kwamba mke wake hatapika tena bila kushona, tangu leo, na asiyetaka aseme. Hakuna aliyesema. Mama Sufuria alifungua kinywa, akawatazama mmoja mmoja, jinsi walivyokuwa na furaha juu yake, akakifunga. Niliona ameishiwa maneno. Alikuwa na sentensi zile tu, na alikwisha kuzitumia.

"Na meza?" nikauliza. Nilitaka angalau meza iwashinde.

Mzee hakuwaza hata kidogo. Akaniambia nimwage ngazi ya zege pale chini, pana, ya kudumu, mkewe awe anapanda.

Ningeweza kukataa. Nilitoa tepu. Kupata kimo cha ngazi ilibidi hatimaye nipime kiwiko cha mama mwenyewe, nami nikamwomba radhi kimyakimya, nikainama miguuni pake ili wengine wasisikie.

"Niwaambie haiwezekani?" nilimnong'oneza. "Niseme zege litapasuka?"

Alikwisha kuvua kandambili, na mkono alikuwa ameukunja kabla sijamwambia.

"Pima, mwanangu," akasema. "Fanya haraka, nimeacha chakula motoni."