Mbona Unajiita?

Sharifo wa Bura alikuwa na Kiswahili cha maziwa. Alikiokota miaka ile alipokuwa akiwauzia walimu na askari maziwa, na kilimtosha kwa bei, salamu na ugomvi. Kwa mjukuu hakikumtosha hata kidogo.

Filsan, mwenye miaka mitano, aliletwa alasiri na baba yake, Bare, mwana wa Sharifo, aliyekuwa njiani kwenda Ifo kwa shughuli zake na angempitia asubuhi. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika. Mama yake si Msomali, na kwao Nairobi ni Kiswahili kutwa kucha. Nyanya aliyemjua ni wa upande wa mama, aliyemwita Shosho. Basi na huyu naye akamwita Shosho.

Sharifo alikunja uso. Watoto wake wanne walikuwa wametawanyika, mumewe alikuwa kaburini mwaka wa saba, na miaka yote hiyo alikuwa akisubiri mdomo mdogo umwite Ayeyo. Nyanya, kwa lugha yao. Sasa mdomo huo ulikuja, na alikuwa nao usiku mmoja tu.

"Ayeyo, kuja habo," alimwambia mtoto, p ikimtoka kama b. "Ayeyo, kunywa chai."

Maana ndivyo Wasomali wanavyoitana: mama humwita mwanawe mama, na nyanya humwita mjukuu nyanya. Anayeita humpa anayeitwa cheo chake mwenyewe. Mtoto wa Nairobi angejulia wapi? Filsan aligeuka kutazama mlangoni amwone huyo Ayeyo. Hapakuwa na mtu, ila mbuzi.

"Ayeyo ni nani?"

"Mimi."

Filsan aliwaza, kikombe mkononi. "Sasa mbona unajiita?"

Sharifo alicheka hadi machozi yakamtoka. Alipotaka kueleza, akakuta Kiswahili chake kimeishia sokoni. "Wewe ayeyo, mimi ayeyo. Mimi nabenda wewe, ndio naita."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, kwa adabu tu, akaomba chai nyingine. Alilala mapema, ameshika pindo la shungi la nyanya yake. Sharifo hakulivuta. Alikaa hivyo hivyo, mgongo ukimuuma, ana furaha na huzuni kwa pamoja.

Asubuhi Filsan alimaliza anjera tatu za samli na sukari, na mara mbili akamwita Shosho. Honi ikalia. Sharifo alimfunga viatu polepole, makusudi kabisa, hadi Bare akamlalamikia mama yake, "Hoyo, tumechelewa!"

Gari liliposogea, kichwa kidogo kikachomoza dirishani.

"Kwaheri, Ayeyo!"

"Ayeyo!" alijibu Sharifo. "Ayeyo!"

"Ayeyo!"

Walirushiana neno hilo hilo moja mpaka gari likapotelea kwenye vumbi.

Alirudi ndani. Kikombe kidogo kilikuwa mkekani, chai imebaki nusu.

"Ayeyo, maliza chai," alisema, kwa mazoea ya siku moja tu.

Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe. Safari hii hakucheka. Mtoto alikuwa ameuliza vizuri: sasa Sharifo alikuwa akijiita mwenyewe.